"Aina ya mti" si maana: majina ya mimea yanapokutana Modogashe

MJI wa Modogashe upo pale ambapo kaunti ya Garissa inapakana na kaunti ya Isiolo, kwenye barabara ya kutoka Isiolo kwenda Habaswein na Wajir. Ni mji wa njia panda, na lugha nazo zimekutana hapo: Kisomali, Kiborana, Kiswahili cha sokoni na cha madereva wa malori, kisha Kiingereza cha ofisini na cha mashirika. Simama na watu wanne chini ya kivuli kimoja, uulize: "Huu mti mnauitaje?" Utapewa majina manne, na kila mmoja atakuapia kwamba lake ndilo lenyewe.

Mwaka 2001 viongozi na wazee wa eneo hili waliafikiana hapo Modogashe kuhusu amani. Maafikiano hayo yalipewa jina la mji huo na yakapitiwa upya Garissa mwaka 2005. Miongoni mwa mambo yaliyowekewa kanuni ni malisho na maji: mfugaji asihamishie mifugo wake kwenye malisho ya wenzake bila idhini. Nayataja haya katika safu ya lugha kwa sababu moja. Watu ambao maisha yao yanategemea nani alishe wapi na lini hawawezi kuridhika na neno "mti fulani" au "kichaka fulani". Wanahitaji jina, na jina lenyewe lieleweke upande wa pili wa mpaka.

Sasa, wapo wasomi wanaosema kwamba dawa ya wingi huu wa majina ni moja tu: tutumie jina la kisayansi, maana ni moja duniani kote wala halibadiliki. Wapo wengine wanaowajibu kwamba Kilatini ni masalia ya ukoloni na majina ya kienyeji yanatosha. Kwa maoni yangu, kila kambi imeshika nusu ya ukweli. Kosa kubwa zaidi ni letu sisi wa Kiswahili, yaani watunga kamusi, waandishi wa vitabu vya shule na wahariri wa magazeti, ambao hatujafanya kazi ya upande wowote kati ya hizo mbili.

Mswaki, caday, aadde

Tuanze na mti usio na ugomvi. Waswahili huuita mswaki, Wasomali caday, Waborana aadde, na wanasayansi Salvadora persica. Neno mswaki tulilichukua kwa Waarabu wanaosema miswak. Caday na aadde yanafanana kwa sababu Kisomali na Kiborana ni lugha za Kikushi, watoto wa nyumba moja. Katika Kiswahili na Kisomali jina la mti ndilo pia jina la kijiti cha kusafishia meno. Ukisikia jina umeshajua kazi.

Jina la kisayansi je? Salvadora ni kumbukumbu ya mwanabotania wa Barcelona aliyeitwa Salvador, na persica maana yake ni "ya Uajemi". Halisemi lolote kuhusu meno, wala kuhusu mfugaji wa Lagdera anayeukata mti huo kila asubuhi. Hapo mtetezi wa majina ya kienyeji ana hoja: jina la watu hubeba maarifa ya watu.

Lakini hebu tuuendee mti mwingine, ule unaoisumbua Garissa, Tana River, Baringo na Turkana.

Mathenge ni nani?

Mti huo asili yake ni Amerika. Uliletwa Kenya mwaka 1973 kustawisha machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa maeneo kame, yakiwamo Baringo na bonde la Tana kule Bura na Hola, ili uzuie jangwa na utoe kuni. Kazi hiyo ukaifanya kupita kiasi. Uliziba malisho, njia na mikondo ya maji, na miiba yake ikajeruhi watu na mifugo. Maganda yake ni matamu, na mbuzi wakiyala kwa wingi meno yao huharibika. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa ajili ya mti huu, wakafika mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Mwaka 2008 ulitangazwa kuwa gugu hatari.

Wakenya wengi wanauita mathenge. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba hilo lilikuwa jina la afisa wa misitu aliyeusambaza. Iwe kweli au isiwe, hasira ya watu imelibandika jina la ukoo kwenye miiba, na kila mwenye jina hilo anayehamishiwa kazi Garissa hana budi kuvumilia mzaha. Kwa sikio la Mkikuyu, jina hilo linakumbusha neno thenge, yaani beberu. Mti unaong'oa meno ya mbuzi umepewa jina lenye harufu ya mbuzi! Mtu angetunga kejeli hii makusudi asingefanikiwa hivyo.

Wasomali wa ng'ambo ya mpaka wana jina jingine: garanwaa. Garan ni kutambua, waa ni kukosa au kushindwa. Basi garanwaa ni "usiotambulika", mti ambao watu waliutazama wakasema hatuujui huu. Wapo pia wanaouita Cali Garoob, kana kwamba ni jina la bwana fulani aitwaye Ali. Mimi nikilisikia jina hilo siachi kulinganisha na algarrobo, jina ambalo wasemaji wa Kihispania huwapa miti ya kundi hili huko Amerika. Algarrobo nalo lina asili ya Kiarabu, al-kharruba. Kama sikio langu halinidanganyi, neno lilitoka Uarabuni, likaenda Uhispania, likavuka bahari hadi Amerika, kisha likarejea pwani ya Somalia pamoja na mbegu, na likageuzwa mtu.

Huko India mti huohuo huitwa vilayati babul, yaani mgunga wa kigeni. Tazama hilo neno vilayati, msomaji wangu. Ni ndugu wa damu wa neno letu Ulaya; yote mawili yametokana na wilaya ya Kiarabu. Mhindi kasema "wa Ulaya", Msomali kasema "usiotambulika", na wote wawili wamesema jambo moja: huyu ni mgeni. Majina ya kienyeji si mkanganyiko mtupu. Yakisomwa pamoja, ni ushahidi wa historia.

Hata hivyo, chukua mfugaji wa Modogashe ambaye mwanawe ana simu na anataka kujua wenzao wa Sudan, Ethiopia na India wamefanyaje na mti huu. Akiandika mathenge atapata habari za Kenya na za watu wenye jina hilo. Akiandika garanwaa atapata za Somalia. Ni pale tu anapoandika Prosopis juliflora ndipo milango yote inapofunguka kwa pamoja. Mtetezi wa Kilatini naye ana hoja. Tena hoja yake inaongezeka uzito tukikumbuka kwamba mathenge la mtaani halitofautishi Prosopis juliflora na jamaa yake Prosopis pallida, ambaye pia yupo nchini. Kwa mwenye kupigana na gugu, kumjua adui ni nusu ya vita.

Umeenea, imeenea au yameenea?

Sisi wa safu hii hatuwezi kupita hapa bila kuuliza habari ya ngeli. Nimesoma magazetini "mathenge yamevamia malisho", nimesikia redioni "mathenge imevamia", na mara chache "mathenge umevamia". Nani yuko sahihi?

Anayesema yamevamia amedanganywa na ma- ya mwanzoni, akaiona kama ile ya matunda na majani. Lakini ma- hiyo si kiambishi cha ngeli bali ni sehemu ya jina la mtu. Hakuna "thenge moja, mathenge mawili" katika Kiswahili. Miti ya Kiswahili hukaa katika ngeli ya u-/i-: mwembe umeota, miembe imeota. Ninapendekeza mathenge lifuate upatanisho huo kwa kuwa nyuma yake kuna neno mti lililofichika: mathenge huu umeota, mathenge hii imeenea. Kwa wingi, hilo ndilo ambalo wasemaji wa mtaani wanalisema tayari.

Linganisha na miraa, ambayo malori huipitisha Modogashe kila siku ikitoka Meru. Miraa hailetewi ugomvi kwa sababu ukisema "miraa hii inauzwa", umepatanisha sawasawa iwe unaiona kama wingi wa ngeli ya miti au kama umoja wa i-/zi-. Sarufi imeizibia mianya yote. Na kwa kuwa nimeitaja: Wasomali huiita jaad au qaad, Waarabu qat, na jina la kisayansi Catha edulis ni Kiarabu hichohicho kilichovishwa nguo za Kilatini. Aliyelitoa, Forsskål, alifia Yemen mwaka 1763 na kazi yake ikachapishwa mwaka 1775. Edulis maana yake ni "ya kuliwa". Basi anayedhani Kilatini cha mimea ni cha Wazungu peke yao na aangalie tena.

Kilatini nacho huhama

Sasa niwageukie wale wanaosema kwamba jina la kisayansi halibadiliki. Hilo si kweli.

Mti wetu wa miiba uliitwa Mimosa juliflora na Swartz mwaka 1788. Mwaka 1825 ukahamishiwa kundi la Prosopis. Mwaka 2022 wanabotania walilichambua upya kundi zima, wakaligawa, na mti huo sasa huandikwa Neltuma juliflora. Juliflora yenyewe, kwa taarifa ya wanafunzi wangu, haina uhusiano na mwezi wa Julai; inaelezea maua yaliyopangana kwenye kikonyo kirefu mfano wa mkia.

Kisa cha migunga kinauma zaidi. Jina Acacia tangu kale lilikuwa la mti wa miiba wa Misri na Afrika. Lakini jenasi hiyo ilipogawanywa, kongamano la kimataifa la botania lililofanyika Vienna mwaka 2005 liliamua jina hilo libaki na miti ya Australia, ambayo ni mingi mno, na kongamano la Melbourne mwaka 2011 halikulitengua. Migunga ya Afrika ikagawiwa majina mengine, hasa Vachellia na Senegalia. Mti ambao Msomali wa Garissa anauita qurac na Mborana wa Isiolo anauita dhaddacha umekuwa Mimosa tortilis, ukawa Acacia tortilis, na sasa ni Vachellia tortilis. Muda wote huo qurac imebaki qurac.

Je, tukitupe Kilatini? La. Tazama kilichobaki: tortilis haikubadilika, wala juliflora haikubadilika. Kinachohama zaidi ni jina la kwanza, la jenasi. Tena kila hatua imeandikwa, na mtafiti anaweza kuifuata nyuma hadi 1775. Sifa kubwa ya Kilatini basi ni daftari lake la mabadiliko, daftari ambalo kwa miti yetu sisi bado hatujalifungua.

Na tukikitumia, tukitumie kwa adabu. Jina la kwanza huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo: Prosopis juliflora. Wahariri wetu wanaoandika "Prosopis Juliflora" wamelifanya kuwa jina la mwanasiasa.

Herufi c na x zinapotudanganya

Nisiwaonee watunga kamusi pekee. Kuna vitabu vizuri vilivyokusanya majina ya miti ya nchi hii kwa lugha zake nyingi. Dale na Greenway walitoa chao mwaka 1961. Henk Beentje akatoa Kenya Trees, Shrubs and Lianas mwaka 1994. Maundu na Tengnäs wakatoa Useful Trees and Shrubs for Kenya mwaka 2005. Kazi hizi zinastahili heshima. Shida ni kwamba ziko kwa Kiingereza, na katika fasihi ya aina hii majina ya Kisomali na Kiborana mara nyingi huandikwa jinsi sikio lililozoea Kiingereza lilivyoyasikia.

Kisomali kina maandishi yake rasmi ya herufi za Kirumi tangu mwaka 1972. Katika maandishi hayo c si "ch" wala "k", ni ile sauti ya koo ya ain ya Kiarabu. Ndiyo maana Ali huandikwa Cali. Na x ni h nzito ya kooni. Mwalimu aliyetoka Kakamega au Kilifi akikutana na caday atasoma "chaday". Akikutana na qansax, ambao ni mgunga mwingine, ulimi utamgongana.

Kiborana nacho, kikiandikwa kwa utaratibu wa Kioromo wa Ethiopia, kina c na x vilevile, lakini c yake ni namna ya "ch" ya kupasua na x yake ni namna ya "t" ya kupasua. Kwa hiyo katika mji mmoja wa Modogashe herufi moja ina sauti mbili zisizokaribiana hata kidogo, kutegemea aliyeshika kalamu ni nani. Atakayeandika orodha ya miti ya eneo hilo bila kueleza anatumia maandishi gani atakuwa ametoa orodha ya mafumbo.

Gundi si gundi

Huenda mtu akasema haya ni mabishano ya wasomi walioshiba. Nenda basi kwenye biashara. Nyika za Garissa, Wajir na Isiolo hutoa mazao ya miti ambayo wachuuzi wa Kiswahili huyaita yote "gundi". Lakini kuna gundi ya cadaad, yaani Senegalia senegal, ambayo huyeyuka majini na hutiwa katika vinywaji na peremende. Kuna zao la xagar, ambao Waborana huuita hagarsu na sayansi huuita Commiphora holtziana. Hilo ni la kunukia wala haliyeyuki majini. Kuna malmal, itokayo kwa Commiphora myrrha, ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaijua kama manemane bila kujua kwamba inapatikana humu nchini. Na kuna aina ya ubani itokayo kwa Boswellia neglecta, mti ambao Waborana huuita dakkara.

Kiswahili hakikukosa maneno. Tunayo ubani, manemane, sandarusi, ulimbo, utomvu na gundi. Tumeyaacha yakalala. Mama anayekwangua magome siku nzima juani, akatia mazao mawili katika gunia moja kwa sababu ripota, bwana shamba na mnunuzi wote wanasema "gundi", anajiharibia bei. Ninapendekeza tuanze hivi: gundi liwe la zao linaloyeyuka majini, ulimbo liwe la zao la kunukia lisiloyeyuka, na kila moja lifuatwe na jina la mti wake.

Kamusi ifanye nini?

Fungua kamusi zetu nyingi za Kiswahili kwa Kiswahili, utafute jina la mti usioujua. Mara nyingi utakutana na maelezo yanayoanza kwa "aina ya mti", yakaongeza kwamba una majani au una miiba, yakaishia hapo. Hayo si maana. Mtoto wa Modogashe akisoma hivyo hawezi kujua kama ni mti ulio nje ya darasa lake au ulio Pemba. Cha kusikitisha ni kwamba kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na ya Sacleux iliyotoka wakati huohuo, ziliyapa majina mengi ya mimea maelezo ya Kilatini. Padri Sacleux mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa mimea. Wageni walitunza kile ambacho sisi wenyewe tulikiona mzigo.

Tena msamiati wetu wa miti umekaa pwani: mwembe, mnazi, mkoko, mvinje. Ni urithi mzuri, ila mwanafunzi wa Lagdera akiambiwa aandike insha kuhusu mazingira yake, huishia kupanda mwembe asioujua, kwa kuwa qurac aliyelelewa chini ya kivuli chake hana ruhusa ya kuingia katika Kiswahili. Kwa migunga yote tumempa neno moja, mgunga, wakati nyumbani kwao qurac, cadaad, bilcil na qansax ni miti minne tofauti yenye kazi tofauti.

Kidahizo kinachofaa kingekuwa hivi: Mathenge, nomino, u-/i-: mti wa miiba wa jamii ya kunde uliotoka Amerika, wenye maganda matamu, unaostawi penye ukame na kuziba malisho, maganda yake yakiliwa kwa wingi huharibu meno ya mbuzi. Kisomali garanwaa. Kisayansi Prosopis juliflora, sasa Neltuma juliflora. Ni mistari mitano tu, na ndani yake mna ngeli, sura, hatari, jirani na daftari la dunia.

Kazi hii haiwezi kufanywa na mwanaisimu akiwa Nairobi au Dar es Salaam peke yake. BAKITA, TATAKI na CHAKITA wakae na wanabotania wa Makumbusho ya Kitaifa, kisha waende kwa wafugaji wakiwa na mtu anayejua kuandika Kisomali na mwingine anayejua kuandika Kiborana. Majina wayachukue kwa wenyewe, wala wasiyabuni mezani. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka, na watoto wao wanajifunza kusema "mti fulani" kwa lugha tatu.